Jini Aliyetumwa Kuchota Udongo

Wenye kuhadithia walipokea kwa waliokufa, na waliokufa walipokea kwa waliokwisha kusahaulika, kwamba katika mji wa Rasi Kumbi alitawala Sultani mmoja jina lake Zahrani bin Tawaliti, mtu mwenye haki alipokuwa ametulia na mwenye haraka siku zote nyingine, na mji wake ulikuwa mji wa mawe meupe na misikiti na masoko ya udi na hariri, na hazina yake hakuna aliyewahi kuiona sakafu. Lakini pamoja na mali hiyo yote hakuwa na kasri la kumpendeza, kwa kuwa kasri la babu yake lilikuwa dogo na la kiza, na wageni kutoka Hormuzi na Kambaya walipokuja kumsalimu walibanana barazani kama kuku tunduni.

Basi akamwita fundi mkuu wa mji, Ngwali bin Mcha, akamwambia, "Nijengee kasri upande wa magharibi, juu ya bandari, karibu na kaburi la babu yangu, ili mgeni anapoingia Rasi Kumbi alione kabla ya kuona kitu kingine." Na Fundi Ngwali akainama na kusema, "Sikio limesikia na mkono utatenda, Maulana," na akajenga, na kasri likapanda orofa juu ya orofa, na milango yake ikatiwa nakshi na njumu za shaba, na watu wakaja kutoka mashamba ya mbali kulitazama tu na kurudi. Kisha Ijumaa moja, watu wote wakiwa msikitini, upande mzima wa magharibi ukazama ardhini mpaka madirisha ya chini yakawa sawa na njia, na kuta zikapasuka, na kilichokuwa juu kikaja chini. Hakufa mtu, alhamdulillahi, ila mbuni wa Sultani aliyeletwa zawadi kutoka Habeshi, na inasemekana ndege yule hakuwa na tabia nzuri.

Sasa, sheria ya Rasi Kumbi juu ya majengo ilikuwa fupi na ya zamani: jengo likianguka kwa mkono wa fundi, fundi hukatwa kichwa; likiangushwa na jini, fundi hana hatia, maana binadamu haulizwi kazi ya jini. Sultani akamtia Ngwali ngomeni na kutangaza kwamba hukumu itatolewa mwezi wa Shaabani utakapoandama, na kwamba baada ya hukumu kasri litajengwa upya palepale, kwa kuwa binti yake alikuwa na mchumba, na wageni wa harusi walikwisha alikwa.

Fundi Ngwali alikuwa na binti aitwaye Mize, aliyekulia kwenye vumbi la chokaa na kelele za patasi, na mama yake alipofariki alianza kufuatana na baba yake kazini, na alipokuwa mtu mzima waashi wakawa wanampelekea yeye maswali kabla ya kumpelekea mzee. Aliijua kazi, na alijua kwamba anaijua, jambo lililowaudhi wengi waliofanya kazi naye. Siku baba yake alipochukuliwa alikuwa juu ya jukwaa la waashi mtaa wa pili, na alishuka kwa haraka hata akaiacha timazi yake ya kupimia kuta ikining'inia ukutani.

Jioni ile akamjia Waziri Mundhiri, rafiki wa baba yake tangu chuoni, mtu mpole mwenye ndevu zilizotiwa hina. Akaketi barazani, akakataa kahawa, akasema, "Mwanangu Mize, nisikilize. Sheria haitaki mengi. Inataka jini tu. Lete ushahidi wowote wa jini, na baba yako atalala kwake."

"Na kama hakuna jini?" akauliza Mize.

"Rasi Kumbi nzima, mwanangu, pakosekane jini hata mmoja?"

Lakini Mize alitaka kitu kingine: alitaka kujua kasri lilianguka kwa nini. Moyoni mwake hakuwa na shaka kwamba baba yake hakukosea, na aliamini kwamba sababu ikijulikana, baba yake atatoka ngomeni kichwa juu na wala si kwa kusingizia viumbe wasioonekana. Kesho yake akaenda kwenye kifusi, na karibu na kifusi akawakuta wanawake kwenye kisima wakilalamika na ndoo zao.

"Tangu siku ile maji ni meupe kama tui," mmoja akamwambia. "Ukipikia wali, wali unaota ukoko wa chokaa."

Mize akachota, akaonja, akatema. Ilikuwa chokaa ya kasri, aliyoichoma yeye mwenyewe kwenye tanuri la baba yake. Akajiuliza, chokaa imefikaje kisimani na njia yote hii imetandazwa mawe? Maji hayaruki. Yamepita chini, na yakipita chini basi kuna njia chini. Akafunga kamba kwenye nguzo ya kisima, akakaza nguo zake, akateremka, na karibu na uso wa maji akaona ufa kwenye ukuta wa matumbawe, na ufa ule ulikuwa ukitoa matone meupe. Akatia mkono mpaka kwapani, na vidole vyake vikagusa kitu cha mviringo, akakivuta, na kumbe ni pete ya shaba iliyoganda chokaa. Akaifuta kwa ncha ya nguo yake.

Moshi ukajaa kisimani, na ndani ya moshi likatokea jini kubwa la rangi ya samawati, lenye pembe na pete masikioni, na kwa kuwa kisima kilikuwa chembamba na jini ni pana, likakwama mabega.

"Labeka, labeka!" likanguruma. "Mimi ni Ghandarushi bin Tarfushi, niliyefungwa kwenye pete hii kwa azima za wafalme wa kale. Nimebeba makasri kutoka Sini mpaka Andalusi, nimeleta lulu ambazo chaza wake wanazililia mpaka leo. Mwili wangu na ulimi wangu ni mali ya mwenye pete: nikitumwa kuleta, nitaleta, na nikitumwa kusema, nitasema. Amuru, bibi, lakini kwanza tutoke humu, mgongo unaniuma."

Wakatoka, na wanawake wakakimbia wakaacha ndoo. Ghandarushi akajinyoosha, akapiga kifua na kusema, "Bila shaka unataka kasri. Nitakuwekea kabla hujafumba jicho."

"Utaliweka juu ya nini?" akauliza Mize, ambaye mwili wote ulikuwa ukimtetemeka lakini ulimi haukuwa na habari.

"Juu ya ardhi. Makasri huwekwa juu ya nini, bibi?"

"Ardhi gani? Ya mchanga, ya mfinyanzi, ya mwamba? Na chini ya hiyo kuna nini?"

Jini akakuna pembe. "Hilo hajaniuliza bwana yeyote. Mimi nikishaweka huenda zangu."

"Na hayo makasri ya Sini na Andalusi, sasa yakoje?"

"Sijarudi kutazama," akasema Ghandarushi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaingia wasiwasi.

Mize akaenda nyumbani akarudi na mambo za miti, vile vigingi vya kupigilia ardhini, na mikeka yote aliyokuwa nayo, na akapigilia mambo kuzunguka kifusi, na nyingine akazipigilia mashariki, kwenye kilima kilichokuwa na vichaka vya mikoche na mbuzi wa watu. Akamwambia jini, "Kwenye kila mambo utazama ardhini, na kila ukishuka pima moja utaniletea konzi ya kilichopo, na usichanganye."

Ghandarushi akamtazama kwa huzuni kubwa. "Bibi, bwana wangu wa kwanza alinituma taji la malkia wa Yemeni. Wa pili alinituma farasi wa dhahabu anayekula moto. Wewe unanituma tope?"

"Ndiyo. Nenda."

Akaenda, na akarudi na konzi, na Mize akaitazama na kusema, "Umechanganya. Huu wa juu na huu wa chini. Rudi tena." Na jini lililowahi kuhamisha makasri likazama tena ardhini likinung'unika, na waliopita njiani siku hizo wanasema walisikia manung'uniko chini ya miguu yao wakadhani ni tetemeko.

Konzi zile Mize akazipanga mikekani kwa mfuatano wake, ya juu juu na ya chini chini, hata mtu akiutazama mkeka alikuwa kama anaitazama ardhi iliyokatwa kwa kisu kama mkate. Kila konzi akaibonyeza kwa kidole gumba, akailowesha, akaisokota viganjani iwe kamba: udongo uliokatika aliuita mchanga, na uliokubali kupinda kama uzi wa ukili aliuita mfinyanzi. Mfinyanzi akaukausha juani, akautia bakulini pamoja na maji na kufunika, na ulipokunywa maji ukavimba mpaka ukainua kifuniko. Mawe nayo akayagonga kwa nyundo na kuyasikiliza, na alipochoka kuyasikiliza akayavunja, maana jiwe likiwa zima huvunjika kwa shida na likiwa limeoza huvunjika kwa aibu.

Upande wa magharibi, palipoanguka kasri, jini akaleta udongo mweusi, kisha mchanga, kisha jiwe la matumbawe jeupe, gumu, lenye sauti ya kupendeza lilipogongwa. Mize akafurahi, akasema moyoni, baba alijenga juu ya jiwe, basi hana kosa. Kisha Ghandarushi akazama tena, akarudi na ngumi iliyofumbwa, akaifungua, na ndani hamkuwa na kitu.

"Nimekuambia ulete udongo," akasema Mize.

"Bibi, hapa hakuna udongo wa kuleta. Jiwe limekwisha. Chini yake ni pango, na maji yanapita, na juu ya maji yanaelea makuti na chokaa yenu."

"Jiwe lina unene gani?"

Jini akanyoosha mkono, akaonyesha kutoka kwenye ncha ya kidole mpaka kiwiko. Ulikuwa mkono wa jini, lakini hata hivyo haukuwa mrefu.

Mize akaketi juu ya kifusi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Halafu akasimama na kusema, "Sasa kaa."

"Nikae?"

"Jifanye mzito kama kasri la orofa tatu, ukae hapa kwenye mambo hii, pole pole."

Ghandarushi akajifanya mzito, akaketi akiwa amekunja uso kama bibi harusi asiyempenda mwenye mahari, na ardhi ikalia, na jiwe likapasuka, na jini likazama mpaka kiunoni na kukaa humo likilaani. Wakaenda kilimani mashariki. Huko chini ya udongo mwekundu kulikuwa na jiwe pia, na chini ya jiwe mfinyanzi kidogo mahali pamoja, na chini ya mfinyanzi mwamba ambao jini lilishuka nao mpaka likakata tamaa ya kufika mwisho wake. Likaketi, na likakaa tangu alasiri hadi magharibi, na Mize akipima kwa uzi aliokuwa ameufunga kati ya vijiti, na uzi haukushuka hata unene wa kucha. Ghandarushi akasinzia.

Siku ya pili yake Mize akaenda ngomeni na mkate wa mofa na papa wa kuchoma, na walinzi wakamwacha apite. Baba yake alikuwa amekonda, lakini alikula kwa hamu, na alipomaliza Mize akamuuliza, "Baba, ulipofika kwenye jiwe, ulilivunja?"

Fundi Ngwali akafuta mikono taratibu. Ili msikilizaji aelewe, inafaa aambiwe desturi ya mafundi wa Rasi Kumbi: handaki la msingi likishafika kwenye jiwe, huchinjwa ng'ombe wa kafara na damu humwagwa chini kabisa, na damu ikishamwagwa hakuna chuma kitakachoingia tena humo, wala sululu wala mtaimbo, kwa kuwa itakuwa ni kumjeruhi mwenye ardhi aliyekwisha kupokea haki yake. Kwa hiyo fundi huvunja jiwe kwanza, akaona ndani yake, akaridhika, ndipo akaita mchinjaji.

"Nilikusudia kulivunja," akasema mzee. "Siku ile tulifika kwenye jiwe asubuhi. Nikaligonga, sauti yake nzuri. Nikasema kesho tutalivunja tuone. Adhuhuri Sultani akaja na wajumbe wa Hormuzi, anataka waione kafara kabla hawajasafiri. Ng'ombe akachinjwa. Nilikuwa nimesimama pale, Mize. Damu ikamwagika miguuni pangu."

"Hukusema?"

"Niseme nini, mbele ya wajumbe? Nikajiambia jiwe ni jiwe." Kisha akamwinulia binti yake macho. "Chini yake kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Kuna pango."

Mzee akafunika uso kwa viganja, na Mize hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hakujua aweke wapi macho. Alipofunua uso akasema, "Nimesikia una jini. Walinzi hawazungumzi jambo jingine. Mimi sikufundishi la kusema. Ila sitakudanganya, mwanangu. Nataka kuishi."

Mize akatoka mle ngomeni na pete ikimuunguza kidole, kwa kuwa sasa aliona wazi alichokuwa nacho: shahidi asiyeweza kumkatalia. Neno moja tu, "Sema ni wewe uliyeliangusha," na jini litasema, na baba yake atakuwa nyumbani kabla chakula cha jioni hakijapoa. Na jini halitapungukiwa na chochote. Akatafuta namna ya kuyapata yote mawili, baba apone na kasri lisijengwe tena juu ya pango, akaenda kwa Waziri Mundhiri na kumuuliza, "Ikithibitika kuwa ni jini, kisha mimi nikamshauri Sultani ahamie kilimani mashariki, atakubali?"

Waziri akatikisa kichwa. "Namjua. Atasema jini limekwisha fukuzwa, mahali ni safi, jengeni palepale karibu na babu yangu. Ukumbi wa wanawake wa harusi ameshauchagua: orofa ya juu, upande wa magharibi. Kwa nini unauliza?"

Mize akaona mbele ya macho yake wanawake wa mji mzima wakipanda ngazi na watoto wao migongoni, wakicheza lelemama juu ya jiwe lenye unene wa mkono. Akaaga, na waliomwona njiani walidhani anaumwa.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama, baraza likajaa hadi nje, na Sultani Zahrani akaketi juu ya kiti cha pembe na mpingo, na Fundi Ngwali akaletwa amefungwa mikono. Mize akaingia na waashi waliobeba mikeka, akaitandaza mbele ya kiti, mikeka ya magharibi kushoto na ya mashariki kulia, na akasema, "Mungu akupe umri, Maulana, na aiweke imara enzi yako. Nimekuletea ardhi yako uitazame."

"Mimi nimeambiwa una jini," akasema Sultani. "Liko wapi?"

Mize akasugua pete. Moshi ukapanda, na maakida wakaangukiana, na mtunza mwavuli akajifunika kwa mwavuli. Ghandarushi akasujudu mbele ya Mize na kusema kwa sauti iliyofika mpaka sokoni, "Labeka, bibi! Leo niseme nini?"

Baraza likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu wenye akili waliona maana ya swali lile: jini hili litasema lolote. Waziri Mundhiri akafumba macho. Mize akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa akimtazama yeye, na akatamani ardhi ya Rasi Kumbi yote iwe pango immeze.

"Sema ulichokiona chini ya mambo za magharibi," akasema, "na usiongeze neno."

Ghandarushi akasema, konzi baada ya konzi, udongo na mchanga na jiwe na pango, na Mize akamwonyesha Sultani kila moja mkekani, na mwisho akamwonyesha mahali patupu pa mkeka, na kueleza kwamba kasri lilivunja kifuniko cha pango kama mtu akanyagavyo kifuniko cha mtungi. "Hakuna jini lililoliangusha," akasema. "Atakayejenga hapo tena atazika watu." Na aliposema hivyo sauti ikamkatika, na akalia mbele ya baraza zima bila kujificha.

Sultani akasema polepole, "Basi ni mkono wa fundi."

"Ni kweli, Maulana," akasema Ngwali, na kila mtu alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Jiwe sikulivunja. Binti yangu amesema ilivyo."

Mwenye upanga akasogea. Ndipo Mize, machozi yakiwa bado usoni, akasema neno ambalo hapakuwa na mtu barazani aliyethubutu hata kuliwaza. "Maulana, damu ikishamwagwa, chuma hakiingii handakini. Siku ile ilimwagwa kabla ya jiwe kuvunjwa. Ilimwagwa kwa amri ya nani?"

Sultani Zahrani akashika ndevu zake, na akawakumbuka wajumbe wa Hormuzi, na jua la adhuhuri, na jinsi alivyomwona fundi wake akifungua kinywa na kukifunga tena, na yeye akadhani ni njaa. Akaagiza kahawa. Akainywa yote.

"Sheria inataka kichwa cha mkono uliokosea," akasema hatimaye. "Mikono iliyokosea ni miwili, na mmoja wao ni wangu, na sheria haikuniambia niwakate watu nusu nusu. Sikilizeni hukumu. Mize binti Ngwali atajenga kasri kilimani mashariki, apachunguze apendavyo, na kafara itachinjwa siku atakayosema yeye. Kasri likisimama, Fundi Ngwali atakaa chumba cha chini kabisa, peke yake, mlango umefungwa kwa nje, masika yote mpaka mvua ya mwisho. Likianguka, sheria imetimia. Lisipoanguka, imetimia pia."

Waashi wanasema haukupata kuchimbwa msingi kama ule. Mize alivunja jiwe kila mahali, na palipokuwa na mfinyanzi unaovimba akautoa wote na kushindilia mawe na chokaa mpaka kwenye mwamba, na usiku hakulala na mchana hakuzungumza na mtu ila kwa kumkosoa. Kwenye kila shimo Ghandarushi aliketi, na hakuna shimo lililojengewa kabla jini halijasimama na uzi haujapimwa. Sultani mara tatu alimtuma mtu kuuliza kafara ni lini, na mara zote mtu alirudi na jibu moja: bado. Mpwa wake Sultani, Mwinyi Sadaka, aliyesimamia machimbo ya mawe, akamposa Mize humo humo kazini, na Mize akamwambia hawezi kusikia maneno ya harusi baba yake akiwa bado chini ya hukumu, lakini hakumkataa, na mawe aliyoletewa tangu siku ile yalikuwa mazuri kuliko ya mwanzo.

Kuta zilipofikia paa, akaivua pete kidoleni na kumpa jini. "Nenda, umefanya kazi."

"Kazi!" akasema Ghandarushi. "Kwa wengine niliweka tu, kwako nimekaa mwenyewe. Bibi, mimi nakwenda Sini na Andalusi. Nataka kuona yale makasri niliyaweka juu ya nini." Na akapaa, na inasemekana hakurudi upesi, kwa kuwa alikuta kazi nyingi.

Fundi Ngwali akaingia chumba cha chini, na mlango ukafungwa, na masika yakaja. Yalikuja kwa kishindo, mvua ya kufungua mito mahali pasipokuwa na mito, na kifusi cha magharibi chote kikatumbukia pangoni pamoja na ukuta wa makaburi, na watu wakasema alhamdulillahi hatumo. Kila asubuhi Mize alikwenda kilimani, akasimama mbele ya mlango uliofungwa akiwa amelowa chapachapa, akautazama ukuta juu na chini akitafuta ufa mwembamba kama unywele, asiuone, na asiamini. Alikonda kuliko baba yake. Chakula kilipitishwa kwa tundu la mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza na mzee, maana hukumu ilisema akae peke yake.

Mvua ya mwisho ikanyesha, jua likatoka, na Sultani akaja mwenyewe na ufunguo, na mji wote nyuma yake. Mlango ukafunguliwa. Fundi Ngwali akatoka akikunja macho, ndevu zimemfika kifuani, na nguo yake ya begani imeloa tepetepe. Mzee hakumsalimu Sultani, wala hakumtazama mtu mwingine. Akarudi hatua chache, akautazama ukuta kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akaupiga kofi.

"Msingi mzima," akamwambia binti yake. "Lakini roshani yako hapo juu inavuja, Mize. Masika yote imenitonea begani."

Mize akacheka, akalia, akamwendea akamkumbatia, na akasema, "Nitaipanda leo, baba."

Na aliipanda siku hiyo hiyo, na mzee akashika ngazi. Kisha akaolewa na Mwinyi Sadaka, na Sultani akampa cheo cha fundi mkuu na kilemba cha zari na shamba la minazi, na harusi ya binti wa Sultani ikachezwa orofa ya juu na hakuna kilichotikisika ila masikio ya majirani. Na Rasi Kumbi mpaka leo ng'ombe wa kafara hachinjwi mpaka jiwe livunjwe na mwenye nyumba aingie handakini kwa miguu yake, aone mwenyewe, hata akiwa sultani. Basi wewe uliyesikiliza, usiliamini jiwe kwa sauti yake, na usione haya kusema "bado" mbele ya wageni wa mwenye nchi. Mimi hadithi nimeifikisha ilipofika, na kilichobaki ni chenu.